Mwenye Kukusanya Watu na Haki ya Waliokusanyika

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyetuumba kwa nafsi moja akatutawanya katika nchi, na sala na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu wa Rubafu na wa Bugabo yote, na kila atakayeusoma waraka huu, safari hii imetubidi tuseme juu ya jambo ambalo watu hulidhania kuwa dogo, nalo si dogo. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyewaalika wenzake, wakaacha migomba yao na nyavu zao na maduka yao, wakamjia kwa arusi, au maulidi, au khitima, au baraza ya shauri, ana wajibu gani juu yao? Wengi watajibu upesi: awakaribishe, awape pa kukaa, awape chakula, kisomwe kilichokusudiwa kusomwa, kisha awape ruhusa wende zao. Jawabu hili ni la kweli, walakini halikutimia. Sisi twasema kuwa waalikwa wana haki nyingine juu yake, nayo ni kupewa wakati wa kuonana wao kwa wao na kujuana. Na mwenye kuwanyima wakati huo amewapunja, ijapokuwa amewachinjia ng'ombe.

Tutazame mikutano yetu ilivyo siku hizi. Mmoja ametoka Kiziba, mwingine Kamachumu, mwingine amevuka mpaka kutoka Uganda, mwingine amekuja kwa mtumbwi kutoka kambi ya wavuvi. Wakifika hupangwa kwa safu, viti vyote vikielekea meza ya wakubwa. Kisha hungojewa mgeni wa heshima, naye akakawia. Akifika, husimama msemaji wa kwanza akawataja wakubwa wote kwa vyeo vyao. Akasimama wa pili akawataja tena wale wale. Akasimama wa tatu akasema kuwa wenziwe wamekwisha kusema yote, kisha naye akasema nusu saa. Kipaza sauti kikilia hakuna awezaye kumwuliza jirani yake jina. Chakula hutoka jua limekwisha kupinda. Watu hula kwa haraka, wengine kwa kusimama, kwa kuwa pikipiki zinangoja na wenye mitumbwi wanaogopa upepo. Hurudi makwao. Ukimwuliza mmoja wao jioni ile: Je, uliketi na nani? Atakwambia: Mtu mmoja mwenye kanzu nyeupe, simjui. Saa tano waliketi bega kwa bega, na wakaachana kama walivyokutana.

Na tufanye hesabu kidogo. Watu 100 wakipotezewa saa moja moja, zilizopotea ni saa 100, nazo ni siku nne na saa nne za uhai wa wanaadamu. Mtu akimwibia mwenziwe mkungu wa ndizi tutamwita mwizi. Aliyechukua siku nne za watu kwa kupenda kusikia sauti yake mwenyewe, tumwite nani? Wakati wa mwalikwa ni amana katika mkono wa mwenyeji tangu anapoingia uani hata anapotoka, na amana huulizwa.

Sasa tutaje dalili, asije mtu akasema kuwa haya ni maneno ya kubuni. Ya kwanza ni ile aya ya 13 ya Sura ya Hujurat, ambamo Mwenyezi Mungu ametuarifu kuwa ametuumba kwa mume na mke, akatufanya mataifa na makabila ili tupate kujuana, na kwamba mbora wetu kwake ni mwenye kumcha zaidi. Zingatia, ndugu msomaji. Kutofautiana kwetu kwa lugha na kwa makabila, ambako wajinga hukufanya ni sababu ya kudharauliana, Yeye amekupa sababu nyingine, nayo ni kujuana. Basi ikiwa kabila zima limewekwa kwa ajili hiyo, vipi mkutano wa siku moja, ambao watu wake wamekuja kwa miguu yao wenyewe, usiwe na nafasi ya jambo hilo?

Dalili ya pili ni matendo ya Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina. Wahajiri walifika hali wameacha nyumba zao na mali zao Makka. Hakuridhika kuwakusanya msikitini akawahutubia tu, bali aliwaunga mmoja mmoja na wenyeji wao wa Madina, huyu awe ndugu wa huyu. Abdurrahman bin Auf aliungwa na Saad bin Rabii, tajiri miongoni mwa Ansari. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake, asiichukue, ila akataka aonyeshwe soko lilipo. Akaenda soko la Banu Qaynuqa, akafanya biashara ya jibini na samli, na haikuwa muda mrefu akaonekana na alama ya manukato ya arusi, kwani alikwisha kuoa, na mahari yake ilikuwa dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Tazama alichohitaji mgeni yule. Hakuhitaji sadaka. Alihitaji mtu mmoja wa mji amjue, amwonyeshe njia ya soko. Na wangapi katika mikutano yetu wamekuja na haja kama ile, na wa kuwaonyesha njia yuko safu ya tatu nyuma yao, wasijuane!

Dalili ya tatu ni khabari ya Jabir bin Samura, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) akisha kusali alfajiri hakuwa akiondoka mahali pake mpaka jua lichomoze. Na Masahaba walikuwa wakizungumza pale, wakikumbushana mambo ya zama za ujahili, wakicheka, naye akitabasamu. Huu ulikuwa msikiti, na wakati ni baada ya faradhi, na aliyekuwapo ni mbora wa viumbe. Hata hivyo hakukijaza kila kipande cha wakati kwa maneno yake. Aliwaachia watu nafasi, naye akawa pamoja nao. Na siku ya Idi, kama alivyopokea Bukhari kwa Jabir bin Abdillahi, alikuwa akienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Na wanavyuoni, katika kutafuta hekima yake, wamesema miongoni mwa mengine kuwa ni kwa kuwasalimu watu wa njia zote mbili.

Tukirudi katika nchi yetu hii, wazee wetu nao hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mgeni akiingia nyumbani kwa Mhaya, kabla ya yote huletewa kahawa ya kutafuna, ambayo huitwa akamwani. Ni buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Haishibishi, wala haikati kiu. Basi ina kazi gani? Kazi yake ni kuwapa watu muda. Mgeni akitafuna polepole, huulizwa habari za nyumbani, huulizwa ukoo wake, na katika kuulizana huonekana kuwa bibi yake alitoka mlima ule, au shamba lake limepakana na la mjomba wa mwenyeji. Mtu aliyeingia mgeni, buni hazijamalizika mkononi amekwisha kuwa jamaa.

Hapo zamani, katika nchi za kwetu na za Uganda, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjiana, wakatia damu katika mbegu za kahawa, kila mmoja akameza ya mwenziwe. Na buni moja ina mbegu mbili ndani ya ganda moja, ndiyo wakaifanya mfano wa ndugu wawili. Sisi Waislamu damu kwetu ni haramu, na undugu wetu umekwisha kufungwa kwa shahada, hatuhitaji kuchanja. Walakini tusiache mzuri wa desturi kwa sababu ya mbaya wake. Damu imeondoka, kahawa na ibaki. Tena jambo hili latupasa sisi zaidi kuliko wengine. Majirani zetu wengi hujuana penye mtungi wa rubisi. Sisi mtungi ule tumeharimishiwa, na tumshukuru Mungu. Basi aliyekatazwa mlango mmoja hana budi kuufungua wa halali. Tukiuacha ule, na penye halali tukawaweka watu wetu kimya kwa safu mpaka waondoke, kijana atauona mtungi kuwa ndio mahali pekee anapoulizwa hali yake, na lawama nusu itakuwa yetu.

Huenda mtu akasema: Haya ni mazuri, lakini ni ya starehe, mtu asipojuana na wenziwe atapungukiwa na nini? Jawabu ni kuwa hupungukiwa na mambo makubwa, mengine ya uhai.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambulikana katika mkoa huu wa Kagera, na miaka iliyofuata ilituachia makaburi mengi vibanjani na mayatima wengi. Yatima hakuokolewa na wingi wa waliohudhuria mazishi. Aliokolewa na mmoja aliyejua kuwa yuko, na jina lake ni nani, na analala wapi. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, ardhi ilitetemeka katika Bukoba na pande zake. Watu walikufa, mamia wakaumia, na nyumba nyingi zikaanguka au zikapasuka, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Katika msiba wa namna ile serikali na vyama huja, na wana shukurani zao, lakini saa ya kwanza kabisa huja jirani. Naye jirani huenda kwanza kwa amjuaye, kwa kuwa ndiye anayemkumbuka kuwa ni mzee asiyeweza kutoka mwenyewe. Asiyejulikana huhesabiwa mwisho.

Tena iko khabari iliyopokewa na Bukhari, nayo yatufaa sana. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza amsalie maiti. Hakuanza kwa kusali; aliuliza kwanza kama maiti yule ana deni. Alipoambiwa kuwa analo na hakuacha cha kulilipa, aliwaambia Masahaba wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada akasimama, akasema kuwa deni lile liwe juu yake; na Mtume akamsalia. Fikiri, ndugu yangu: swali moja liliulizwa mbele ya watu, kukawa na nafasi ya kujibu, na mtu mmoja aliyekuwapo akamfungua mwenziwe aliyekufa. Je, khitima zetu zina nafasi ya swali kama lile? Tunasoma, tunakula pilau, tunaondoka. Na mwenye kudai yumo, na mwenye uwezo wa kulipa yumo, na mjane yumo jikoni. Haja na dawa yake zilikuwa chini ya turubali moja, zikaachana.

Na si Waislamu peke yao tunaohitaji kujuana nao. Mwaka 1924 katika Bukoba kiliundwa chama cha Wahaya, Bukoba Bahaya Union, na miongoni mwa walioanzisha walikuwa Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki. Majina yao yenyewe yanakwambia kuwa hawakutoka katika nyumba moja ya ibada. Watu hawaundi chama na wasiowajua. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Mumtahina, aya ya 8, hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Basi jirani Mkristo anapokuja katika arusi yetu au msiba wetu, naye ana haki ya kuketi na kuulizwa hali, wala asiwekwe pembeni kama mzigo unaongoja mwenyewe.

Sasa tuzijibu shaka ambazo watu wa dini hulitilia jambo hili, kwani si shaka za kupuuzwa.

Shaka ya kwanza ni ya nia. Watasema: Ukiwapa watu wakati wa kuonana, watakuja katika maulidi kutafuta mnunuzi wa kahawa, na katika khitima kutafuta mchumba wa binti, na ibada itakuwa soko. Jawabu: Masahaba nao waliingiwa na shaka hii hii. Ibn Abbas amesimulia kuwa Ukadh na Majanna na Dhul-Majaz yalikuwa masoko ya zama za ujahili, na Waislamu wakaona ni dhambi kufanya biashara katika msimu wa Haji. Ndipo ikashuka aya ya 198 ya Sura ya Bakara, kuwaondolea dhambi katika kutafuta fadhila za Mola wao. Na katika Sura ya Haji, aya ya 28, imetajwa kuwa mahujaji wanakuja ili washuhudie manufaa yao na walitaje jina la Mungu. Manufaa na dhikri vimetajwa pamoja. Ikiwa Haji, iliyo nguzo, haikuharibika kwa manufaa, maulidi ya Rubafu hayataharibika. Walakini kila jambo na wakati wake. Sura ya Jumaa imetuamrisha tuache biashara ikinadiwa sala, na tutawanyike kutafuta fadhila ikisha sala. Na imewakemea wale waliouona msafara wa biashara wakamwacha Mtume amesimama. Kosa lao halikuwa biashara, lilikuwa kuitanguliza. Kwa hiyo mwenyeji asiyewawekea watu wakati wao baada ya dhikri, ndiye anayewafanya wanong'one katikati ya dhikri.

Shaka ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, nasi twaiona ndiyo moyo wa mas'ala haya. Watasema: Watu wakipewa nafasi ya kujuana, hawatajuana, watatafutana. Kila mtu atamkimbilia mwenye cheo, na mwenye gari, na mwenye duka kubwa Bukoba mjini, na maskini atabaki peke yake kama mwanzo, tena sasa mbele ya macho ya watu. Wallahi neno hili ni kweli, na dawa yake imo katika Sura ya Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kureshi, akitumai wasilimu. Akaja Ibn Ummi Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso akamgeukia mwingine, na Mola wake akamwonya kwa ajili yake. Angalia kuwa nia ya Mtume ilikuwa njema mno, haikuwa nia ya chumo. Na hata hivyo onyo lilishuka, likabaki likisomwa mpaka siku ya mwisho. Basi itakuwaje hali ya sisi tunaompita kipofu kwa kumwendea mkubwa kwa ajili ya kibali cha mzigo?

Hapa ndipo panapopambanuka kujuana na kutumiana. Mwenye kutumia huuliza moyoni: Huyu atanifaa nini? Mwenye kujuana huuliza: Huyu ni nani? Swali la pili laweza kuzaa faida, na aghlabu huzaa, lakini halikuulizwa kwa ajili yake. Na kipimo cha kuyajua mawili haya kimo katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), alipoulizwa uislamu upi ni bora, akataja kulisha chakula na kumsalimu unayemjua na usiyemjua. Usiyemjua hujui kama ana kitu au hana. Kwa hiyo mtu na ajipime akitoka mkutanoni: Nimemsalimu nani asiye na chochote cha kunipa? Akimpata mmoja, amshukuru Mungu. Asipompata, basi alikwenda kuvua, hakwenda kuonana na watu.

Shaka ya tatu ni ya kusengenya na kukawia. Watasema kuwa Mwenyezi Mungu katika Sura ya Ahzab, aya ya 53, aliwaagiza walioalikwa nyumbani kwa Mtume watawanyike wakisha kula, wala wasikae kwa mazungumzo. Ni kweli, na sababu imetajwa mumo humo, kuwa kukaa kule kulikuwa kukimuudhi Mtume naye akiona haya kuwaambia. Hii ni haki ya mwenyeji, asikaliwe bila ya ridhaa yake. Mwenyeji anayeweka wakati mwenyewe, na mpaka wake akaujulisha, haudhiki, na wageni hawakumdhulumu. Ama kusengenya, Sura ya Nisaa, aya ya 114, imeeleza kuwa hapana kheri katika mengi ya mazungumzo yao ya siri, illa ya mwenye kuamrisha sadaka, au wema, au kupatanisha baina ya watu. Basi kuna mazungumzo yenye kheri, na matatu yametajwa kwa majina yake. Tena mtu husengenya zaidi asiyemjua. Uliyeketi naye ukamwona anavyomlisha mtoto wake, ulimi huwa mzito juu yake.

Shaka ya nne ni ya wanawake. Sisi hatusemi wachanganyike na wanaume, bali twasema wawe na mahali pao na wakati wao kamili. Dhuluma iliyopo ni nyingine. Wanawake wetu huamka usiku wakamenya ndizi, wakachochea moto, wakapakua, wakaosha masufuria; na watu wakisha kuondoka ndipo wanapokula makoko. Hao hawakuhudhuria mkutano, walihudumia mkutano. Na wao ndio wajuao yatima yuko nyumba gani na mgonjwa yuko kibanja gani. Mwenyeji mwenye insafu atapanga zamu za jikoni, atawatuma vijana wa kiume kuteka maji na kuosha vyombo, na atawapa mama zake na dada zake saa yao ya kuketi. Khitima isiyompa mjane nafasi ya kuketi na wenziwe, ilisomwa kwa ajili ya nani?

Baada ya kujibu shaka, tuseme namna ya kutenda, kwani maneno yasiyo na tendo ni kama mtumbwi usio na kafi.

Kwanza, maneno yapunguzwe. Ammar bin Yasir amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kuwa mtu kurefusha sala yake na kufupisha khutba yake ni alama ya ufahamu wake, na Ibn Masud alikuwa akiwapa watu mawaidha kwa kuacha siku, akifuata mwendo wa Mtume aliyechelea kuwachosha. Wasemaji wawili watosha, wa tatu awe wa dua. Mkutano wa saa tano uwe na saa moja timilifu ambayo hakuna asemaye mbele na kipaza sauti kimezimwa, nayo ipangwe tangu mwanzo, isiwe masalio. Kitu kilichoachiwa masalio hakifiki.

Pili, saa hiyo iwekwe kati, baada ya kisomo na kabla ya watu kuanza kuangalia njia. Wa mbali ndio wanaotangulia kuondoka, nao ndio wenye haja zaidi ya kujulikana.

Tatu, chakula kiwe kwenye masinia, watu wanne au watano kwa sinia moja, kama desturi ya pwani. Sahani ya peke yako inakuruhusu kumgeuzia mwenzako mgongo, sinia haikuruhusu. Na wasiketishwe wa nyumba moja sinia moja, kwani hao wataonana kesho.

Nne, achaguliwe mtu mmoja au wawili, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wenye kuwajua watu na ulimi laini, kazi yao iwe moja tu: kumtazama aliyeketi peke yake, na kumtia mkononi mwa mwenziwe kwa kumtaja jina na atokako. Mtume (s.a.w.) amewakataza wawili kunong'onezana mbele ya wa tatu, kwa kuwa kunamhuzunisha. Yule wa tatu ndiye wa kutafutwa.

Tano, wakubwa wasitengwe. Sura ya Mujadila, aya ya 11, imewaamrisha waumini wapeane nafasi katika mabaraza. Na Abu Huraira amekihesabu kuwa kiovu cha vyakula kile chakula cha arusi ambacho matajiri hualikwa na masikini huachwa. Nasi twaona kuwa masikini aliyealikwa kisha akawekwa mahali asipofikiwa na mtu, hayuko mbali na yule aliyeachwa. Mheshimiwa akiombwa aketi sinia moja na mvuvi, heshima yake haitapungua, na huenda akasikia jambo ambalo ofisini halimfikii.

Kule Lamu, katika maulidi ya Msikiti wa Riyadha, yaliyoenezwa na Habib Swaleh, wageni hutoka nchi nyingi za Afrika Mashariki wakakaa siku kadhaa. Kisomo kina saa zake, na baina yake watu hutembeleana, hula pamoja, na hutazama mashindano ya punda na ya majahazi. Hatusemi Rubafu iige kila kitu; siku nyingi zina gharama, nasi si matajiri. Twasema tu kuwa mkutano wa kheri si lazima uwe umejaa maneno mpaka ukingoni.

Limebaki neno moja, tusije tukamtwika mwenyeji mzigo usio wake. Je, mwenyeji aweza kuwafanya watu wapendane? Hawezi. Katika Sura ya Anfal, aya ya 63, Mwenyezi Mungu amemwambia Mtume wake kuwa hata lau angalitoa vyote vilivyomo duniani asingaliziunganisha nyoyo za watu, bali Yeye ndiye aliyeziunganisha. Mwenyeji haulizwi upendo. Anaulizwa wakati na mahali. Mkulima haoteshi mche wa kahawa. Huchimba shimo, hupanda, huondoa magugu, na huacha nafasi baina ya mche na mche. Akiibana miche, hana wa kumlaumu. Na mwalikwa naye ana sehemu yake: asikae kila mara pembeni mwa rafiki yake wa jana, asishike simu mkononi wakati wa kuonana, na asiondoke kabla ya kulijua jina la mtu mmoja ambaye asubuhi alikuwa hamjui.

Basi ndugu zangu, mtu akitaka kukusanya watu, na ahesabu mchele, na ahesabu viti, kisha ahesabu na saa atakayowaachia. Hiyo haina bei sokoni, na masikini aweza kuitoa sawa na tajiri.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaojuana kwa ajili yako, utuepushe na kutumiana, uwarehemu waliotutangulia chini ya migomba hii, na usimwache katika mikutano yetu yatima wala mgeni asiyejulikana na mtu. Amin.

Wa billahi taufiki.